Ufito wa Kuvulia kwa Chambo Chepesi: Kuchagua kwa Kipimo, Si kwa Bei

Kando ya Ziwa Victoria, na vivyo hivyo kando ya mito na mabwawa mengi ya Afrika Mashariki, ni jambo la kawaida kuwaona vijana wakivua hali wameingia majini hadi magotini au kiunoni. Hawaingii kwa kupenda. Samaki wanaowinda samaki wenzao aghalabu hukaa mbele kidogo, pale kina kinapoanza kuongezeka, na mshipi uliofungwa kwenye kijiti haufiki huko. Basi mvuvi husogea mbele, na kwa kusogea huko hujitia katika hatari mbili: mamba, na vimelea vya kichocho, ambavyo hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu bila ya kuhitaji jeraha lolote.

Ufito wa kuvulia wenye uwezo wa kurusha chambo mita 20 au zaidi humwezesha mvuvi kusimama juu ya mwamba mkavu. Lakini wengi wanaojinyima ili wanunue ufito huo huambulia masikitiko. Huchagua ule unaoonekana mnene na imara, wakaufunga chambo bandia cha gramu 5, wakarusha, na chambo kikaanguka karibu na miguu yao. Hapo husema kwamba vitu vya bei nafuu havifai. Hukumu hiyo si ya haki. Mara nyingi ufito hauna kasoro yoyote, ila haulingani na chambo. Kulingana huko ni jambo la fizikia, nalo laweza kupimwa kwa kifuko cha mchanga na rula kabla ya fedha kutolewa mfukoni.

Ufito ni kamani

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya ufito ni kuurefusha mkono tu. Hiyo ni sehemu moja ya kazi yake. Sehemu ya pili, ambayo ndiyo inayoutenga ufito unaofaa na usiofaa, ni kuhifadhi nishati na kuirudisha. Mvuvi anapoupeleka ufito nyuma na kisha kuusukuma mbele kwa ghafla, chambo kinachoning'inia nchani hakiondoki mara moja, kwani kitu kilichotulia huelekea kubaki kimetulia, kama inavyoeleza kanuni ya kwanza ya Newton. Kwa hiyo ufito hupinda. Sehemu ya nishati ya misuli huingia katika mpindo huo, kama vile inavyoingia katika upinde wa mshale uliovutwa. Mkono unapokoma, ufito hujinyoosha na kumpa chambo nishati ile.

Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha mwaka 1678 kanuni isemayo kwamba kamani hurefuka kwa kadiri ya kani inayoivuta. Ufito nao huifuata kanuni hiyo maadamu haujapinda mno. Nishati inayohifadhiwa hutegemea mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa kani, na umbali ambao ncha imesogea. Ufito usiosogea hauhifadhi kitu, hata ukiwa imara kama nondo. Hapo ndipo lilipo kosa la mnunuzi anayepima ubora kwa unene.

Mfano wa lori waweza kusaidia. Lori tupu hurukaruka barabarani kwa sababu springi zake zilitengenezwa kwa ajili ya tani kadhaa, na pasipo mzigo hazipindi. Likipakiwa, hutulia. Ufito mzito uliofungwa chambo chepesi ni lori tupu.

Hesabu ya chambo cha gramu 5

Tuseme chambo cha gramu 5 kinatakiwa kiondoke kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde. Kikirushwa kwa pembe ya digrii 45, na kama pasingekuwa na hewa wala msuguano wa mshipi, kingekwenda umbali wa v²/g, yaani 400 ÷ 10, sawa na mita 40. Hewa na mshipi hupunguza umbali huo sana, lakini hubaki wa kutosha. Ikiwa mwendo utapungua kwa nusu, ukawa mita 10 kwa sekunde, umbali hautapungua kwa nusu bali utabaki robo: mita 10 tu. Tofauti ya mvuvi aliyesimama mwambani na mvuvi aliyeingia majini yatoka hapo.

Nishati inayohitajika ni ndogo. Nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa mwendo, yaani ½ × 0.005 × 400, hutoa joule 1, ambayo ni sawa na nishati ya kuinua gramu 100 za sukari kwa urefu wa mita moja. Hakuna kijana asiyekuwa na nguvu hizo. Shida ni jinsi ya kuzifikisha kwenye chambo.

Sasa itafutwe kani. Tuseme ncha ya ufito husafiri kiasi cha mita 2 tangu inapoanza kwenda mbele mpaka mshipi unapoachiwa. Ili chambo kitoke katika utulivu na kufikia mita 20 kwa sekunde katika umbali huo, mchapuko wake hauna budi kuwa v²/2s, yaani 400 ÷ 4, sawa na mita 100 kwa sekunde kwa sekunde. Kani ni tungamo mara mchapuko: 0.005 × 100, sawa na nyutoni 0.5. Hiyo ndiyo kani ya uzito wa kitu cha gramu 50 kilichoning'inizwa.

Jibu hilo ni la maana sana kwa mnunuzi. Wakati wa kurusha, chambo cha gramu 5 huuvuta ufito kana kwamba kina gramu 50, yaani mara kumi ya uzito wake. Kwa hesabu hiyo hiyo chambo cha gramu 30 huvuta kama gramu 300. Ufito uliotengenezwa ili upinde vizuri kwa gramu 300 hautaujali mvuto wa gramu 50.

Uzito wa ncha yenyewe

Kuna sababu ya pili. Ufito unapojinyoosha haurushi chambo peke yake, bali hujirusha na wenyewe. Ncha yake, pamoja na pete za kupitishia mshipi, nayo hupewa mwendo, na mwendo huo huchukua sehemu ya nishati. Tuseme sehemu ya ncha inayokwenda kwa kasi sawa na chambo ina tungamo la gramu 10. Chambo kikiwa cha gramu 30, kati ya gramu 40 zinazokwenda, robo tatu ni chambo, na robo tatu ya nishati huenda mahali inapotakiwa. Chambo kikiwa cha gramu 5, jumla ni gramu 15, na chambo hupata theluthi moja tu. Theluthi mbili hubaki nchani na kupotea katika mtikisiko ambao mvuvi huuhisi mkononi baada ya kurusha.

Ndiyo maana ufito ule ule waweza kusifiwa na mtu anayerusha risasi nzito ya timazi, ukalaumiwa na mwingine anayerusha kijisahani chepesi cha bati. Wote wawili husema kweli.

Urefu na unene

Ufito ulioshikwa upande mmoja hufuata kanuni mbili ambazo wahandisi huzitumia katika kupanga boriti za nyumba. Ya kwanza ni kwamba, kwa uzito ule ule na unene ule ule, mshuko wa ncha hukua kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha urefu. Urefu ukiongezwa mara mbili, mshuko huwa mara nane. Ufito wa mita 2.1 hushuka karibu mara 1.6 kuliko wa mita 1.8 wenye unene sawa.

Kanuni ya pili ina nguvu zaidi. Ugumu wa kijiti cha mviringo kisicho na uwazi ndani hukua kwa kadiri ya kipeo cha nne cha kipenyo. Ncha yenye kipenyo cha milimita 2.2 yazidi ile ya milimita 2 kwa sehemu moja ya kumi tu, lakini ugumu wake umezidi kwa karibu nusu. Jicho haliioni tofauti hiyo. Kwa hiyo fito mbili zinazofanana kabisa rafuni zaweza kutofautiana mno majini, na kuzitazama hakutoshi.

Mwanzi, kioo na kaboni

Mwanzi ndio mfano wa kale na wa maumbile. Una uwazi katikati, na nyuzi zake ngumu zimesongamana karibu na ganda la nje, mahali ambapo mvuto na msukumo ni mkubwa kuliko pote mti unapopindwa. Mafundi wa Ulaya na Marekani walipasua mwanzi wa kusini mwa China katika vipande sita vyenye umbo la pembetatu, wakaviunganisha kwa gundi kuwa ufito mmoja. Kazi hiyo ilikuwa ya mikono na ya bei kubwa. Marekani ilipopiga marufuku biashara na China mwaka 1950, mwanzi huo uliadimika huko, na njia ikafunguka zaidi kwa nyuzi za kioo, ambazo zilikuwa zimeanza kutumika katika fito tangu nusu ya pili ya miaka ya 1940.

Nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa ulimbo hutoa ufito wa bei nafuu, unaovumilia kugongwa na kukanyagwa, lakini mzito. Nyuzi za kaboni ziliingia katika fito mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya utafiti uliofanywa Uingereza katika muongo uliotangulia kwa ajili ya vyombo vya anga. Nyuzi za kaboni za kawaida ni ngumu kupinda karibu mara tatu kuliko za kioo, na msongamano wake ni kiasi cha gramu 1.8 kwa sentimita ya ujazo, hali wa kioo ni kiasi cha gramu 2.5. Hivyo ufito wa kaboni waweza kuwa mwembamba na mwepesi zaidi kwa ugumu ule ule. Kasoro yake ni kwamba huvunjika upesi ukigongwa kwenye jiwe au ukibanwa na mlango. Tena kaboni hupitisha umeme: ufito wake usiinuliwe karibu na nyaya za umeme, wala usishikwe wakati wa radi.

Neno kaboni lililoandikwa kwenye mpini halisemi ni kiasi gani cha kaboni kilichomo, kwa kuwa fito nyingi za bei nafuu ni mchanganyiko wa nyuzi zote mbili. Katika ufito mfupi wa mita 1.6 hadi 1.8, uzito wa kioo hausumbui sana, na ncha ya kioo isiyo na uwazi ndani yaweza kufanya kazi njema. Katika ufito mrefu, uzito huo huonekana wazi. Mwenye fedha kidogo atapata ufito bora zaidi akichagua mfupi wa kioo kuliko mrefu wa kioo.

Kikunjio cha mshipi

Hata ufito uliochaguliwa vema hauwezi kurusha gramu 5 iwapo mshipi hautoki kwa urahisi. Zamani mshipi ulizungushiwa kwenye kigurudumu ambacho chambo kililazimika kukizungusha kwa kukivuta. Chambo chepesi hakikuweza. Mwaka 1905 Mwingereza Alfred Holden Illingworth, aliyekuwa katika biashara ya viwanda vya nguo, alipata hataza ya kikunjio ambacho gurudumu lake halizunguki wakati wa kurusha: mshipi hutoka kwa ncha yake, kama uzi unavyotoka kwenye kibiringo cha cherehani kilichosimamishwa. Vikunjio vingi vya bei nafuu vya leo hufuata kanuni hiyo.

Mvuvi anayezungushia mshipi kwenye kopo tupu, akalielekeza kopo majini na kuuacha mshipi uteleze kwenye ukingo wake, atumia kanuni hiyo hiyo bila ya kulipa chochote.

Mshipi nao uwe mwembamba. Nguvu ya mshipi hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo mshipi wa nailoni wa milimita 0.40 una nguvu karibu mara nne kuliko wa milimita 0.20. Lakini ule mnene hujikunja kwa ukaidi, husugua pete, na hukokota hewa, hata gramu 5 zikashindwa kuuburura. Kwa vyambo vyepesi, milimita 0.20 hivi zatosha.

Jaribio la darasani na la dukani

Fito nyingi zimechapishwa karibu na mpini uzito wa chambo unaokusudiwa, kwa gramu au kwa aunsi. Aunsi moja ni gramu 28.35, hivyo ⅛ ya aunsi ni gramu 3.5 na ¼ ni gramu 7. Herufi UL huwekwa kwenye fito nyepesi kabisa, na L kwenye zile zinazofuatia. Maandishi hayo husaidia, lakini watengenezaji hawakubaliani juu ya maana yake, na L ya mmoja huweza kuwa ngumu kuliko ya mwingine. Kwa sababu hiyo kipimo hakina budi kufanywa.

Darasani, mpini ulazwe juu ya meza na kukandamizwa kwa vitabu, ufito ukitokeza nje sambamba na sakafu. Urefu wa ncha kutoka sakafuni upimwe kwa rula. Kisha kikopo chepesi kifungwe nchani kwa uzi, na maji yatiwe mpaka kikopo na maji vifikie gramu 50. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Mshuko wa ncha upimwe tena. Wanafunzi waendelee kwa gramu 100, 150 na 200, na wachore grafu ya uzito na mshuko. Mwanzoni watapata mstari ulionyooka, kama Hooke alivyosema, na baadaye mstari utapinda. Ni zoezi jema kuwauliza kwa nini.

Kwa makisio, ufito wa mita 1.8 unaofaa kwa gramu 5 utashuka kiasi cha sentimita 25 hadi 35 kwa mzigo wa gramu 50. Ukishuka chini ya sentimita 10, kwa chambo hicho ni kijiti tu. Ukishuka zaidi ya sentimita 60 ni laini mno, na hautaweza kuipenyeza ndoana katika mdomo wa samaki.

Dukani, kifuko cha kitambaa chenye gramu 50 za mchanga, zilizopimwa katika maabara ya shule, chatosha. Mnunuzi akining'inize kwenye pete ya nchani na kutazama si mshuko tu, bali na umbo la mpindo. Uanzie nchani na kuisha polepole karibu na katikati, bila ya pembe kali mahali popote. Baadaye auondoe mzigo, autikise ufito mara moja na kuangalia: ncha itulie upesi. Ncha inayoendelea kuyumbayumba ni nzito kuliko inavyopasa.

Fedha kidogo zitumike wapi

Ufito wa vipande viwili ni afadhali kuliko ule unaochomoza kama antena ya redio, kwa sababu huo wa pili una viungo vingi vigumu visivyopinda, na aghalabu pete zake ni chache. Kwa mita 1.8 zatakiwa pete sita hivi bila ya kuhesabu ile ya nchani. Zikiwa chache, mshipi haufuati mpindo, na ufito huelemewa mahali pamoja. Kila pete ipitishiwe pamba: nyuzi zikinaswa, pana ufa, na ufa huo utaukata mshipi. Kiungo kishikane bila ya kuchezacheza. Mapambo, rangi na mpini wa kung'aa havirushi chambo. Fedha zitakazobaki zinunue mshipi mpya, maana mshipi uliochakaa huukosesha hata ufito bora.

Breki ya kikunjio nayo ilegezwe mpaka mshipi uanze kutoka kwa kani isiyozidi theluthi moja ya nguvu zake. Ufito mwepesi hauwezi kumvuta samaki mkubwa kwa nguvu. Humchosha kwa kupinda na kujinyoosha, nao mshipi ukikatika ndoana hubaki mdomoni mwake. Sangara wa Ziwa Victoria huweza kuzidi kilo 100, na ufito huu si wa samaki kama huyo. Sangara aliye chini ya kipimo kinachoruhusiwa na sheria arudishwe majini mara moja kwa mikono iliyoloweshwa, na kabla ya kuvua mahali popote ofisi ya uvuvi ya wilaya iulizwe juu ya leseni.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye duka si, "Upi ulio imara?" bali ni, "Upi utakaopinda kwa gramu 50?" Pengine atakuwa hajaulizwa hivyo kabla. Kifuko cha mchanga kitamjibu yeye na mnunuzi kwa pamoja, na mita chache zitakazopatikana kwa jibu hilo ndizo zitakazomwezesha mvuvi kijana kubaki nchi kavu.